Ziwa laweza kuzamisha meli? Jibu kwa mama wa Likoni ambaye kijana wake anaelekea Duluth

*"Assalaam aleykum. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Likoni. Kijana wangu wa pili ana miaka 24, kasomea ubaharia hapa Mombasa na keshafanya safari moja ya Ghuba. Sasa kuna wakala amempatia kazi ya deki kwenye meli ya shehena. Atapandia Antwerp, wapeleke chuma Cleveland, kisha waende kupakia ngano mahali paitwapo Duluth, huko Marekani, mwezi wa Novemba. Wakala ataka shilingi 80,000 za 'kushughulikia', tumeshaanza kuchanga. Babake, aliyefanya kazi kwenye tagi za bandarini miaka mingi, asema nisijisumbue: hilo ni ziwa, maji matamu, hayapwi wala hayajai, meli kubwa haizami dimbwini. Lakini binti yangu kanionyesha video ya meli iitwayo Edmund Fitzgerald. Ilizama kwenye ziwa hilo hilo, wakafa wote, na hakuonekana hata mmoja. Wanasema ziwa lile halirudishi maiti. Mama mkwe asema ni jini. Tangu siku hiyo silali. Niambie kweli, ziwa laweza kuvunja meli kubwa namna ile? Nimzuie asiende?"*

Waaleykum salaam, dada yangu. Nakupa jibu kwanza, maelezo baadaye. Ndiyo, ziwa laweza kuvunja meli kubwa, na limevunja nyingi. Hapo mumeo kakosea. Lakini dhoruba za Novemba peke yake si sababu ya kumzuia kijana. Kuna jambo jingine katika barua yako, umeligusia kwa mstari mmoja ukapita, na hilo ndilo lililonishtua mimi. Nitalifikia. Tumalizane na ziwa kwanza, maana najua mengine hayatakuingia masikioni kama hilo bado limekukaa kooni.

Duluth iko pembeni kabisa mwa Ziwa Superior, la juu na kubwa kuliko yote katika yale Maziwa Makuu matano ya Amerika Kaskazini. Eneo lake ni kilomita za mraba 82,000 hivi. Ziwa Victoria letu lina karibu 68,800. Urefu wake, kutoka ncha hadi ncha, ni yapata kilomita 560, yaani unatoka Mombasa, unaipita Nairobi, na bado uko majini. Kina chake kinafika mita 406. Meli za baharini zinafika huko kwa njia ya mto St. Lawrence, iliyofunguliwa kwa meli kubwa mwaka 1959. Zinaingia kwenye vyumba vyenye milango, maji yanajazwa, meli inapanda, mlango wa mbele unafunguliwa, inaendelea. Hadi kufika Superior kijana wako atakuwa amepandishwa mita 183 juu ya usawa wa bahari, na Duluth iko zaidi ya kilomita 3,700 kutoka Atlantiki. Dimbwi gani hilo?

Sasa nimtendee haki mumeo, kwa sababu hajasema uongo. Ni kweli hakuna kupwa na kujaa kwa kuonekana. Ni kweli pia kwamba hakuna yale mawimbi marefu ya kusi yanayotoka mbali Bahari ya Hindi na kuvunjikia mwambani Nyali. Yeye kayajua mawimbi hayo, na kwa kuwa ziwani hayapo, akaona hakuna neno. Kosa liko hapo. Baharia wa bahari kuu hupima hatari kwa kimo cha wimbi. Ziwani kinachoumiza ni ufupi wake.

Muulize mumeo kama bado anakumbuka hesabu hii. Hesabu sekunde zinazopita kati ya wimbi moja na jingine, zizidishe zenyewe kwa zenyewe, kisha mara 1.56. Jibu ni urefu wa wimbi kwa mita, kutoka kilele hadi kilele, kwenye maji ya kina. Wimbi la bahari kuu linalokuja kila baada ya sekunde 12 lina urefu wa mita 225 hivi. La sekunde 6 lina mita 56 tu. Tuseme yote mawili yana kimo cha mita 4. La kwanza ni mlima mpole, meli inapanda taratibu na kushuka taratibu. La pili ni ukuta. Kati ya bahari na ziwa katika upepo mkali kuna tofauti ile ile ya gari kupanda kilima cha Mazeras na gari kupita kwa kasi kwenye matuta yaliyofuatana: kilimani umefika juu zaidi, lakini springi hukatikia kwenye matuta. Ziwa halina nafasi ya kuyarefusha mawimbi kama bahari, kwa hiyo upepo ukilipiga linainuka upesi, linasimama wima, na halikupi muda wa kupumua kati ya pigo na pigo.

Ongeza umbo la meli. Meli nyingi zinazoishi kwenye maziwa yale ni ndefu na nyembamba, kwa sababu upana wake unabanwa na vile vyumba vya kupandishia. Edmund Fitzgerald ilikuwa na urefu wa mita 222 na upana wa mita 23 tu. Meli ndefu namna hiyo katika mawimbi yanayofuatana karibu karibu yaweza kujikuta omo, yaani mbele, iko juu ya wimbi moja na tezi, yaani nyuma, juu ya jingine, katikati hakuna maji ya kutosha kuishika. Sekunde chache baadaye mambo yanageuka, wimbi liko katikati na ncha zote mbili zinaning'inia. Chuma kinapinda huku, kinapinda kule, usiku kucha. Mabaharia wa kule hueleza jinsi ukisimama tezi ukatazama omo waweza kuiona deki ikijinyonga. Hilo halina maana meli inavunjika. Chuma kizuri kimetengenezwa kipinde. Lakini chuma kibovu hakisamehe. Carl D. Bradley ilivunjika Ziwa Michigan tarehe 18 Novemba 1958, wakafa 33 kati ya 35. Daniel J. Morrell ikavunjika Ziwa Huron tarehe 29 Novemba 1966, wakafa 28 kati ya 29. Aliyenusurika, Dennis Hale, alikaa saa 38 kwenye chelezo la kuokolea akiwa na wenzake waliokufa. Meli zote mbili zilikuwa zimejengwa kwa chuma cha zamani, ambacho baridi kali ikikipata hukatika badala ya kupinda. Morrell ilikuwa na umri wa miaka 60. Shika neno hilo la umri, tutalihitaji.

Na yale maji matamu ambayo mumeo anayaona kama faraja? Maji ya chumvi ni mazito zaidi, tani 1.025 kwa mita moja ya ujazo, ya ziwa ni tani 1. Meli ile ile, mzigo ule ule, ikitoka baharini kuingia ziwani inazama kidogo zaidi. Ikiwa ilikaa mita 8 ndani ya maji ya chumvi, ziwani itaongeza karibu sentimita 20. Siku moja kaa pale Mama Ngina meli ikiingia mlango wa Kilindini, zinapita karibu mno. Tazama ubavuni, katikati: utaona duara lililokatwa na mstari, na pembeni yake kijingazi cha mistari yenye herufi. S ni bahari wakati wa kiangazi, W ni majira ya baridi, F ni maji matamu, TF ni maji matamu ya nchi za joto. Mistari ya F iko juu kwa sababu hiyo hiyo. Nayo W iko chini ya S, kwa maana wakati wa baridi unatakiwa kubeba kidogo, ubavu mwingi ubaki nje ya maji. Kijana wako alifundishwa haya. Mwambie akueleze, utamwona akifurahi, na wewe utajua kama alikuwa akisikiliza darasani.

Kwa nini Novemba? Maji yanachelewa kupoa. Jua la miezi yote ya kiangazi limehifadhiwa ziwani, na hewa ya kaskazini ya Kanada inakuja ikiwa imeshaganda. Hewa baridi ikipita juu ya maji yenye joto kuishinda inavurugika, na ile tofauti inaipa nguvu dhoruba inayopita. Njia mbili za dhoruba, moja ya kutoka upande wa milima ya magharibi ya Kanada na nyingine ya kutoka kusini, zinakutana juu ya maziwa haya. Mwaka 1913, kati ya tarehe 7 na 10 Novemba, zilikutana vibaya. Meli 12 zilizama, watu zaidi ya 250 wakafa, wengi wao Ziwa Huron. Charles S. Price ilionekana ikielea imepinduka, tumbo juu, na kwa siku kadhaa hakuna aliyeweza kusema ni meli gani. Jambo ambalo huwa nawasisitizia vijana katika kisa hiki ni hili: bendera na taa za tahadhari zilikuwa zimepandishwa bandarini. Manahodha wengi waliziona wakaondoka. Msimu ulikuwa unaisha, maji yalikuwa karibu kuganda, na kila tajiri alitaka safari moja zaidi.

Tuje kwa Fitzgerald, nikusimulie bila ule muziki wa video. Iliondoka bandari ya Superior, jirani kabisa na Duluth, mchana wa tarehe 9 Novemba 1975, ikiwa na tani 26,000 hivi za madini ya chuma. Jioni ile ile ikatolewa tahadhari ya upepo mkali, na usiku wa manane ikapandishwa kuwa ya dhoruba. Nahodha Ernest McSorley akachagua njia ya kaskazini, karibu na pwani ya Kanada, ili apate kinga ya upepo. Ulikuwa uamuzi wa busara. Meli nyingine, Arthur M. Anderson, ilikuwa nyuma yake, na waliongea kwa redio siku nzima. Alasiri ya tarehe 10 McSorley akamwambia mwenzake kwamba kamba za ukingo wa deki zimeanguka, mabomba mawili ya hewa yameharibika, meli imeanza kulala upande mmoja, na pampu zinafanya kazi. Baadaye kidogo rada zake zote mbili zikafa. Mnara wa taa wa Whitefish Point, aliokuwa anautafuta, ulikuwa umezimika kwa kukosa umeme. Basi Anderson ikawa inamwongoza kwa sauti, kama kipofu anavyoshikwa mkono. Yapata saa moja na dakika kumi usiku akaulizwa hali yake. Akasema wanahimili. Dakika chache baadaye hakuwepo kwenye rada. Hakuomba msaada. Watu 29 walipotea, kilomita 27 hivi tu kutoka kwenye ghuba ya salama, na meli ikakutwa vipande viwili katika kina cha karibu mita 160.

Anderson ilikuwa imeshaingia ghubani. Iliombwa irudi nje ikatafute, nayo ikarudi. Sijui kwa nini video nyingi huliruka hilo.

Sababu hasa ya kuzama haijakubaliwa na wote hadi leo. Walinzi wa pwani wa Marekani walisema maji yaliingia ngamani, mle mnamowekwa shehena, kupitia vifuniko ambavyo havikufungwa sawasawa. Wachunguzi wengine wa serikali wakasema kifuniko kilivunjwa na mawimbi. Chama cha wenye meli za maziwa yale kikashikilia kwamba iligusa mwamba karibu na kisiwa cha Caribou. Kwa yote matatu kuna jambo moja lisilobishaniwa: kati ya 1969 na 1973 kanuni zililegezwa, meli ile ikaruhusiwa kubeba zaidi, na ubavu uliobaki juu ya maji ukapungua kwa karibu mita nzima. Meli iliyokaa chini hivyo inapandwa na kila wimbi.

Kuhusu maiti. Sitamkejeli mama mkwe, na wala sitaki ubishane naye. Lakini maelezo yapo, nayo si ya kutisha. Mtu akifa majini huzama, kisha baada ya siku chache huibuka kwa sababu vijidudu ndani ya mwili hutoa hewa. Sisi hapa, maji yakiwa na joto la nyuzi 27, jambo hilo ni la haraka. Chini ya Superior maji yana nyuzi 4 hivi mwaka mzima. Katika baridi ile vijidudu hivyo karibu havifanyi kazi, basi hakuna kinachouinua mwili. Na wengi wa wale 29 huenda walikuwa ndani ya meli. Ziwa halimshiki mtu. Ni baridi.

Wala tusione kama haya ni ya wazungu. Meli ya kwanza ya mvuke ya Uingereza kwenye Ziwa Victoria, William Mackinnon, ilishushwa hapa hapa Mombasa ikiwa vipande, ikapelekwa bara, ikaunganishwa na kuzinduliwa Kisumu mwaka 1900. Tangu hapo nasi tuna misiba yetu. Ziwa Nyasa lina upepo wa kusini mashariki uitwao mwera, na tarehe 30 Julai 1946 meli mpya ya Vipya ilizama humo, wakafa watu 145. Ziwa Victoria hatari yake kubwa ni usiku. Mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu na mvua inanyesha huko bara. Usiku nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto, pepo za umande zinatoka pande zote za ziwa zinakutana katikati, na hewa haina pa kwenda ila juu. Kabla ya alfajiri radi zinaanza, na mvuvi yuko katikati na mtumbwi. Wazee wa visiwani wanajua kwamba alasiri ikichafuka sana nchi kavu, usiku wake haufai kutega.

Lakini ukizitazama zile ajali za ziwa letu zilizochukua watu wengi kwa pamoja, dhoruba huioni. MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, iliruhusiwa abiria 430, wakafa zaidi ya 800. MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018, ilikuwa ya watu 101, wakafa zaidi ya 220, karibu kabisa na gati la Ukara. Na wewe wa Likoni sina haja ya kukusimulia Mtongwe ya tarehe 29 Aprili 1994, watu 272, maji yametulia kabisa. Chombo kilichojazwa kupita kiasi hakingoji upepo.

Ndiyo maana simwogopei sana kijana wako kwa hilo ziwa. Baada ya 1975 mambo yalibadilika kule. Ukaguzi wa vifuniko ukakazwa, vipimo vya kina vikalazimishwa, ramani za miamba zikasahihishwa, suti za kujikinga na maji baridi zikawekwa melini, na maboya ya kupima mawimbi yakatawanywa ziwani. Utabiri wa leo unamwona mtoto wa dhoruba siku kadhaa kabla hajazaliwa, na manahodha wanakaa nanga wangoje. Tangu Fitzgerald hadi hivi sasa hakuna meli kubwa ya shehena iliyozama kwenye maziwa yale kwa dhoruba. Tena yeye atakuwa kwenye meli ya baharini, iliyojengwa kukabili bahari kuu. Na kwa kuwa kina cha njia ya mto kinabana, meli hizo mara nyingi haziondoki Duluth zimejaa. Hupakia sehemu, na shehena iliyobaki huongezewa bandari za mbele, karibu na Atlantiki.

Sasa ile shilingi 80,000.

Dada yangu, msitoe. Kwa Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, wakala haruhusiwi kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Kijana anaweza kulipia cheti chake cha afya, kitabu cha ubaharia na pasipoti. Basi. Viza ni ya mwenye meli, na tiketi ya kwenda kupanda meli kwa kawaida huwa yake vilevile. Wakala anayetaka pesa "za kushughulikia" ama ni tapeli na hiyo meli haipo, ama meli ipo lakini ni ya mtu asiyejali sheria. Na asiyejali sheria ofisini ndiye yule yule asiyejali vifuniko vya ngama. Vijana wetu wengi waliopata mashaka ugenini hawakuzama popote. Waliachwa bandarini miezi, hawana mshahara, hawana chakula, meli imekimbiwa na mwenyewe. Hilo lingekukosesha usingizi, ningekuelewa zaidi.

Kwa hiyo kabla hamjachanga hata senti nyingine, kijana aende mwenyewe, kwa miguu yake, ofisi za Kenya Maritime Authority hapa Mombasa, aulize kama wakala huyo ana leseni. Asipige simu kwa namba aliyopewa na wakala. Aende na mkataba mkononi. Ana haki ya kupewa nakala na kupata ushauri kabla ya kutia sahihi, na wakala akimharakisha kwamba nafasi itapotea leo jioni, jibu mmeshalipata. Mkataba uwe na jina la meli na namba yake ya IMO, tarakimu saba. Namba hiyo haibadiliki hata meli ikibadilishwa jina mara tano. Akishakuwa nayo aingie Equasis, tovuti ya kumbukumbu za meli, kwenye intaneti, kujisajili ni bure, ataona meli ilijengwa lini, nani anaimiliki, imekaguliwa wapi, na imewahi kuzuiliwa bandarini mara ngapi kwa makosa. Meli ya miaka 10 isiyo na zuio, mimi ningemwambia mwanangu aende. Ya miaka 30 iliyozuiliwa mara mbili tatu kwa mambo ya vifuniko au vyombo vya kuokolea, ningemwambia akae nyumbani, hata kama safari yenyewe ni ya Dar es Salaam. Kati ya hizo mbili kuna meli nyingi za wastani, na hapo ni mazungumzo: apeleke karatasi alizopata kwa mwalimu wake wa ubaharia, au aende Mission to Seafarers, shirika la kuwasaidia mabaharia, wazisome pamoja.

Karatasi zikiwa safi, mpe baraka zako, umpe na koti. Natania, lakini si sana. Mtoto wa Likoni hajui baridi. Novemba Duluth maji yanayorukia deki huganda hapo hapo, chuma kinakuwa barafu, na mtu huteleza na kuanguka zaidi kuliko kuzama. Anunue chupi ndefu za sufu, glavu pea mbili, na buti zenye soli ya kushika. Siku ya kwanza melini atafute suti yake ya kujikinga na maji baridi, aivae mara kadhaa hadi aweze gizani, na ahakikishe inamtosha na zipu haijakwama. Maji ya nyuzi 4 yakimpata mtu ghafla, dakika ya kwanza pumzi inamtoka asiweze kuidhibiti. Akitulia, ana kama dakika 10 za mikono yenye nguvu. Fahamu humpotea baada ya saa moja hivi. Suti ndiyo inayobadilisha hesabu hiyo. Na hali ikichafuka asitoke nje peke yake kwa kutaka kuonekana shujaa. Vijana wa safari ya pili ndio wenye ugonjwa huo.

Kuhusu wewe mwenyewe. Wasiwasi wa mama haupimwi kwa hesabu zangu, najua. Lakini umesema hulali. Ikiwa hali hiyo imepita wiki mbili, au moyo unakwenda mbio, au chakula hakipiti, nenda kituo cha afya umwone daktari ana kwa ana, usingoje kijana aondoke. Hilo lina tiba. Na mwambie binti asikuletee video nyingine.

Akishaondoka mtataka kumfuatilia. Kuna tovuti za bure zinazoonyesha meli ilipo, MarineTraffic ni moja, mnaandika ile namba ya IMO. Mjue jambo moja tu: huduma ya bure hutegemea vipokezi vilivyoko nchi kavu, na katikati ya Superior meli inakuwa mbali navyo. Alama itapotea kwenye skrini kwa saa kadhaa, pengine usiku mzima, na simu yake nayo haitashika mtandao hadi wakaribie pwani. Meli zote hupotea hivyo pale kati. Patana naye kwamba atakuandikia kila akiingia bandarini na kila akitoka, na umwambie mumeo naye ajue hivyo, maana nina hakika yeye ndiye atakayekuwa akiamka usiku kuichungulia hiyo simu.